Wanaotujua Toka Jikoni

Katika riwaya ya Nadine Gordimer inayoitwa kwa Kifaransa Ceux de July, kilichonikaa moyoni si vita wala bunduki, ni funguo za gari. Johannesburg inawaka moto. Bam Smales, mkewe Maureen na watoto wao watatu wametoroka, wamefichwa kijijini kwa boi wao, July, aliyewatumikia miaka 15. Wanalala katika kibanda cha udongo cha mama yake boi. Pikapu ya manjano waliyokuja nayo, iliyonunuliwa kwa ajili ya safari za kuwinda, imefichwa porini. Siku moja July anaondoka nayo bila kuomba ruhusa, anakwenda dukani, anarudi na mahitaji, na funguo zinabaki kwake. Hakuna aliyempiga mwenzake. Hakuna hata aliyepaza sauti sana. Lakini tangu hapo Maureen hawezi tena kuzungumza na July bila kila neno kuwa na miiba.

Kitabu kilitoka mwaka 1981, utawala wa ubaguzi Afrika Kusini ukiwa bado umekaa kitini, na vita vinavyosimuliwa humo havikuwa vimetokea, mwandishi alivibuni. Alikuwa Mzungu, mzaliwa wa Springs, mji wa migodi. Serikali ya nchi yake ilipiga marufuku vitabu vyake vitatu kwa nyakati tofauti, na mwaka 1991 akapewa Tuzo ya Nobel. Mimi namheshimu zaidi kwa sababu alikataa njia rahisi. Angeweza kutuwekea bwana katili mwenye mjeledi mkononi, tukamchukia, tukafunga kitabu tukijiona wasafi. Yeye akachagua watu wema. Akina Smales wanauchukia ubaguzi. Wanamtendea July kwa adabu, wanampa mapumziko yake, na wanajivunia kwamba hawajawahi kumdhalilisha. Ila July humwona mkewe na watoto wake kila baada ya miaka miwili, maana sheria za pasi hazikuwaruhusu kuishi naye mjini, na mahali pake pa kulala ni chumba cha uani. Wema wote ule ulisimama juu ya chumba kile.

Kuna ukurasa ninaourudia. Maureen anakumbuka utoto wake, akitoka shule pamoja na Lydia, mtumishi wa nyumbani kwao, mwanamke mzima, wakiongea na kucheka kama marafiki. Mpiga picha akawanasa barabarani. Miaka mingi baadaye Maureen anaikuta picha ile ndani ya kitabu, na hapo ndipo anapoona jambo ambalo lilikuwepo siku zote: Lydia amebeba kichwani mkoba wa shule wa yule mtoto. Mpita njia aliliona mara moja. Maureen, aliyempenda Lydia kweli, hakuliona. Angeliona vipi? Mkoba haukuwa ukimlemea yeye.

Wasomaji wenzangu hapa Kalemie, Kongo, huniambia hayo ni mambo ya Makaburu, sisi yanatuhusu nini. Nami huwaambia watembee tu mpaka upande wa gare. Nyumba zile zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu wa CFL, kampuni ya reli iliyofikisha njia ya treni ziwani mwaka 1915 mji ukiitwa Albertville, nyingi bado zimesimama, rangi imebanduka, bati limeota kutu. Mbele kuna barza pana ya kupunga upepo wa ziwa. Nyuma kabisa ya parseli, karibu na choo cha nje, kuna boyeri: chumba kimoja au viwili vya kulala watumishi, dari ya chini, dirisha dogo lililo juu. Mimi ninaishi katika mojawapo ya boyeri hizo. Nimepanga. Mwalimu wa sekondari katika nchi hii hapangi nyumba ya mbele. Na nikisimama mlangoni kwangu naona vizuri kabisa mlango wa jikoni wa nyumba kubwa, nani anaingia, nani anatoka, chungu kipi kiko jikoni leo. Wao hawaoni kwangu. Sidhani fundi aliyepima viwanja vile alibahatisha.

Wabelgiji hawakuuita utawala wao kwa jina kama lile la Afrika Kusini, wakapata sifa ya upole kwa kukosa jina tu. Kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita kati ya mji wa Wazungu na site ya weusi, wakasema ni kwa ajili ya mbu, eti mbu wa malaria hawezi kuruka umbali ule. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kuzurura katika mji wa Wazungu. Na mwaka 1948, mwaka uleule chama cha Makaburu kilipochukua serikali kule kusini, Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa njema kwa ajili ya Mkongomani aliyeonekana "ameendelea". Mwaka 1952 wakaongeza daraja la juu zaidi, la kuandikishwa miongoni mwa waliostaarabika. Kuomba daraja lile kulimaanisha kufungua nyumba yako. Wakaguzi waliingia chumba kwa chumba. Waliangalia choo, waliangalia vitanda vya watoto, waliangalia kama kuna uma na visu, waliuliza kama bwana na bibi wanakula meza moja. Lumumba mwenyewe alikataliwa mara ya kwanza, akalipata mwaka 1954. Hadi mwaka 1958, katika nchi ya watu milioni 13 na zaidi, waliopewa daraja lile walikuwa kama 200 na ushee.

Huwa nafikiria sana uma zile. Mtu anazinunua, anazipanga mezani, anamsubiri Mzungu aje kuzihesabu. Anayehesabu hahesabiwi. Hakuna Mkongomani aliyewahi kuruhusiwa kuingia nyumba ya mkaguzi kuangalia kama naye anaheshimiana na mkewe. Au tuseme, aliingia kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, kwa mlango wa nyuma, kuwasha moto na kuchemsha kahawa. Aliona yote. Ila hakupewa fomu ya kujaza.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa reli. Tukiwa watoto alituonyesha namna ya kupiga pasi kola ya shati, akianzia nchani kuelekea katikati ili isikunjamane, na hakuwahi kutwambia neno moja baya juu ya bwana wake, wala neno zuri. Mwezi Julai 1960 askari walipoasi na Wazungu wakaanza kukimbia, bwana yule alimwachia funguo na kupanda meli. Kwa miezi mingi babu alifungua madirisha asubuhi, akafagia, akafunga jioni, kisha akarudi kulala boyeri. Nyumba nzima ilikuwa tupu. Vitanda vilikuwepo. Hakulala humo hata usiku mmoja.

Wajomba zangu walimcheka kwa jambo hilo mpaka alipokufa. Walimwita mtumwa wa kujitakia. Na nilipoisoma Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi wa Zanzibar iliyotoka 1978, nilidhani nimemkuta babu katika sura ya mwanamke. Kijakazi amezeekea katika shamba la mikarafuu la ukoo wa Mwinyi Malik. Sasa anamtumikia mwanawe, Fuad, anayemtukana kwa lugha ambayo mtu hamtukani mbwa. Anapika, anafagia, anakamua ng'ombe, na matusi anayameza kana kwamba ni haki yake. Wenzake wanazungumza siri juu ya mapinduzi, yeye anaona kufuru. Hata Mapinduzi ya Januari 1964 yanapofika, moyo wake bado uko kwa bwana, na inambidi asumbuke sana kabla macho hayajafunguka.

Ni riwaya kubwa, kwa Kiswahili kitamu ambacho sisi wa upande huu wa ziwa tunakionea wivu. Ila nina ugomvi nayo. Shafi anampenda Kijakazi, lakini anamwona kama mtu aliyelala, na kazi ya hadithi ni kumwamsha. Ni kitabu cha mtu aliyeyaamini mapinduzi, na mapinduzi hupenda watu wanaoamka. Ninachojiuliza ni kama Kijakazi alikuwa amelala kweli. Mwanamke aliyekaa jikoni kwa mtu miaka yote ile, akijua bwana analala saa ngapi, anakasirikia nini, mama yake anaogopa nini, mtu huyo huenda ana hesabu zake. Kunyenyekea nako ni kazi, na kazi hufanywa kwa akili.

Babu alikuwa na hesabu zake. Nilizielewa kwa kusoma historia ya mji huu, si kwa kuambiwa. Mwaka 1964, mwaka uleule wa mapinduzi ya Zanzibar, waasi wa Simba waliuchukua Albertville mwezi Juni. Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat aliyekuwa mkuu wa jimbo, akauawa. Mwezi Agosti jeshi la serikali likarudi. Katika miezi ile, nyumba ya Mzungu ilikuwa swali. Nani amelala humo? Nani amevaa koti lile? Waliojibu vibaya kwa upande mmoja waliuawa, na waliojibu vibaya kwa upande wa pili pia. Aliyekuwa akilala boyeri hakuwa na cha kujibu. Babu alikufa kwa uzee, kitandani, amezungukwa na wajukuu. Wajomba walioucheka woga wake walizaliwa kwa sababu ya woga huo, jambo ambalo hawakuwahi kulifikiria hata siku moja.

Hapo ndipo Gordimer anapomzidi Shafi, kwa maoni yangu. July wake haamki, kwa sababu hakuwahi kulala. Anawaokoa akina Smales, na wakati huohuo anapima: wakirudi madarakani itakuwaje, wasiporudi itakuwaje, majirani watasemaje, mke wangu anasemaje. Mkewe na mama yake wanamlaumu kwa kuwaletea balaa la Wazungu. Na mwishoni, anapochoka na maswali ya Maureen, anamfokea kwa lugha yake mwenyewe, lugha ambayo Maureen haijui, na Maureen anaelewa kila kitu. Anaelewa kwamba kwa miaka 15 yule mtu alikuwa akimchunguza, na kwamba yeye hakumchunguza hata kidogo. Hata jina July lilikuwa la kazini. Kijijini anaitwa Mwawate, na msomaji mwenyewe analijua jina hilo amechelewa, kitabu kikikaribia kuisha.

Sisi wa Katanga tuna ushahidi ambao hata Gordimer hakuwa nao, kwani yeye July alimbuni. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa Elisabethville kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu, kimeandikwa na André Yav, aliyekuwa boi. Ni historia ya mji ule kwa Kiswahili chetu cha Katanga, maneno yakiwa yameunganishwa na kutenganishwa vile lilivyosikia sikio lake. Johannes Fabian, mtaalamu wa mambo ya jamii, alikichapisha upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ndani yake wafalme wa Ubelgiji, kampuni ya migodi, mishahara na hofu za usiku vinasimuliwa na watu waliovijua kupitia mlango wa nyuma. Maprofesa wanakishangaa. Mimi sishangai. Nani mwingine angeijua nyumba kama si aliyeisugua sakafu?

Na tuna zile picha. Waliokulia Lubumbashi, Likasi, au hata hapa kwa watu waliorudi kutoka kusini, wanazikumbuka zikining'inia sebuleni, zimechorwa kwa rangi kali juu ya gunia la unga lililonyooshwa: Colonie Belge. Tshibumba Kanda Matulu alizichora, na wengine wengi. Gereza. Mfungwa amelazwa chini, suruali imeshushwa. Mzungu amesimama pembeni kwa kofia ya jua na kiko mdomoni. Mwenye fimbo ni askari mweusi. Niliitazama picha hiyo utoto mzima nikidhani inamhusu Mzungu, na pengine walioitundika sebuleni walidhani hivyo pia. Lakini mchoraji alimweka askari katikati. Mikono ni yake. Jasho ni lake. Amevaa viatu, tofauti na aliyelala chini, na huenda viatu vile ndivyo vilivyokuwa mshahara wenyewe.

Ninaloliona katika haya yote ni kwamba aliye juu hupewa vingi, lakini hunyang'anywa kimoja: hajui anavyoonekana. Aliye chini analazimika kumjua aliye juu, maana asipomjua hatakula, pengine hatalala salama. Aliye juu halazimiki kumjua yeyote. Anaweza kuishi miaka 80, mwenye adabu, msomaji wa vitabu, mchangiaji kanisani, bila kuulizwa ni nani anayebeba mkoba. Upendeleo hauhisiwi na anayepewa. Ndiyo maana simwamini sana mtu anayeniambia kwamba hajawahi kumbagua yeyote. Si kwamba anadanganya. Hayuko mahali pa kuona.

Na sisi Wabantu wa jimbo hili la Tanganyika tuko mahali gani?

Muulize Mutwa, Mbilikimo wa huku kwetu. Katika vijiji vya Nyunzu, Manono, na huku Kalemie vijijini, kabla ya vita, mtu aliweza kukuonyesha mzee mwenye wajukuu akakwambia, bila haya wala hasira, "Ule ni Mutwa yangu." Babake alimrithi babake yule Mutwa, naye akamrithi huyu. Malipo ya siku nzima shambani yalikuwa mihogo, au chumvi, au kikombe cha pombe. Kula naye sahani moja? Hapana. Kumwoa binti yetu? Usiseme tena. Tulikuwa na jibu kwa kila jambo: wamezoea, ndivyo walivyo, sisi tunawatunza, bila sisi wangekufa njaa. Nimeyakuta majibu hayo yote, moja baada ya jingine, katika vinywa vya Wazungu wa riwaya za Afrika Kusini.

Vita kati yetu na Watwa vilipoanza mwaka 2013, kisha vikapamba moto 2016 na 2017, tulisema hatuelewi vimetoka wapi. Vijiji vilichomwa pande zote mbili, kwa mishale na kwa mapanga, na watu wasio na hatia walikufa pande zote mbili. Sitaki mtu anisingizie kwamba nahesabu maiti za upande mmoja. Mamia ya maelfu walikimbia makwao. Kambi zilizunguka mji huu, vibanda vya nyasi na maturubai hadi pembeni mwa barabara. Lakini kule kushangaa kwetu ndiko kulikonishangaza mimi. Ni mshangao wa Maureen mbele ya July. Tuliishi nao tangu mababu, tukadhani tunawajua kwa sababu tuliwaagiza kazi. Kumbe wao ndio waliotujua.

Tarehe 15 Julai 2022 Rais alitia saini sheria ya kulinda haki za watu wa asili Mbilikimo. Ni sheria nzuri kwenye karatasi, na sidharau karatasi. Bila karatasi huna hata cha kudai. Lakini sheria haifiki uani. Pale anafika mtu tu.

Katika parseli ninamokaa huja mama mmoja wa Kitwa kufula nguo za nyumba kubwa. Alikuja mjini na vita, akabaki. Huanika shuka kwenye kamba inayopita mbele ya mlango wangu, hivyo inatulazimu kusalimiana. Jumamosi moja, nikiwa nimetoka kumaliza tena kitabu cha Gordimer, nilimwuliza swali ambalo labda halikuwa la heshima. Nilimwuliza nyinyi kwenu, jioni, mkiwa peke yenu, sisi mnatusemaje.

Alicheka mpaka akaweka beseni chini.

"Mwalimu, hiyo maneno iko na bei."

Nikamwambia ataje bei.

Akaelekeza kidole chenye povu kwenye nyumba kubwa. "Waambie kwanza balipe yangu ya myezi mbili. Halafu tutaongea."

Nikasema kwa mwenye nyumba ni vigumu kidogo mimi kuingilia mambo hayo. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayemhurumia mtoto. Alisema anafahamu, kwa sababu na mimi nina deni la kodi ya Machi na nusu ya Aprili. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.